James Beckwourth: Mfungua Njia ya Dhahabu Asiyelipwa Ujira Wake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katikati ya karne ya 19, maelfu ya watu waliokitaka cha mvunguni huko California, magharibi mwa Marekani, hawakuinama tu. Walitembea takriban kilomita 3,200, wakavuka nyika, mito, jangwa na milima yenye theluji kabla ya kupiga sururu la kwanza. Historia imewataja mno waliochimba dhahabu, na imewataja zaidi waliotajirika kwa kuwauzia wachimbaji majembe, nguo na unga. Waliowaonyesha njia wachimbaji hao hawajatajwa kwa kiasi hicho. Miongoni mwao yumo James Beckwourth, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa mwindaji, mfanyabiashara na kiongozi wa misafara, na ambaye jina lake limebaki juu ya mojawapo ya milango ya milima ya Sierra Nevada.

Maisha ya Beckwourth yanadhihirisha jambo moja ambalo si geni katika historia ya watu weusi popote walipo, nalo ni kuwa jamii inaweza kuipokea kazi ya mtu kwa mikono miwili huku ikilikataa neno lake. Njia yake ilikanyagwa na maelfu bila ya yeyote kuitilia shaka. Neno lake, kwa upande mwingine, lilizuiwa na sheria na kudhihakiwa na wasomi, na siku liliposikilizwa rasmi halikutosha kumwadhibu mkosaji.

Kuzaliwa na Malezi

Beckwourth alizaliwa katika jimbo la Virginia kati ya mwaka 1798 na 1800. Mamake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika. Babake, Jennings Beckwith, alikuwa Mzungu mwenye mashamba, na ndiye aliyemmiliki mama huyo. Ifahamike kwamba kwa mujibu wa sheria za Virginia za wakati huo, mtoto alifuata hali ya mamake wala si ya babake. Kwa hivyo, James alikuwa mwana wa Jennings Beckwith kwa damu, na papo hapo alikuwa mali yake kwa sheria.

Alipokuwa angali mdogo, familia ilihamia Missouri, karibu na mahali inapokutana mito ya Missouri na Mississippi. Eneo hilo lilikuwa mpaka wa makazi ya Wazungu. Ng'ambo yake ilikuwa nchi ya wenyeji asilia, ambayo ramani za serikali ziliijaza kwa kukisia. Kijana huyo alipelekwa katika mji wa St. Louis kujifunza uhunzi. Alifua chuma kwa miaka kadhaa, kisha akakosana na fundi aliyemfundisha na kuiacha karakana. Katika miaka ya 1820 babake alifika mahakamani zaidi ya mara moja kuandikisha hati ya kumwacha huru. Jina la ukoo lilikuwa Beckwith, lakini mwana alikuja kujulikana kwa jina la Beckwourth, na ndilo alilokwenda nalo duniani.

Shule ya Milimani

St. Louis ya miaka hiyo ilikuwa bandari ya biashara ya ngozi. Kofia za mabwana wa Ulaya na Marekani ya mashariki zilitengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa mtoni aitwaye biva, na mnyama huyo alipatikana kwa wingi katika Milima ya Rocky. Mwaka 1824 Beckwourth alijiunga na msafara wa mfanyabiashara William Ashley uliokuwa ukielekea huko. Alianza kama mtunza farasi. Baada ya misimu michache alikuwa mtegaji hodari, aliyejua kusoma nyayo, mawingu na mikondo ya mito kama msomi ajuavyo kurasa za kitabu.

Yafaa kulitua hapa jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Njia ambazo baadaye zilifuatwa na watafuta dhahabu hazikubuniwa na serikali wala na wahandisi. Zilikuwa kwanza njia za wanyama na za wenyeji asilia, kisha zikawa njia za wategaji. Vijana wa Ashley ndio walioizoea njia ya kupitia South Pass, upenyo mpana na wenye mteremko mdogo katika Milima ya Rocky. Bila ya upenyo huo, magari ya kukokotwa na maksai yasingeweza kuvuka uti wa mgongo wa bara lile. Robo karne kabla ya homa ya dhahabu, Beckwourth na wenzake walikuwa wameshaihifadhi vichwani ramani ambayo wengine wangekuja kuinunua kwa maisha yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1820 alianza kuishi miongoni mwa Wacrow, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa nyanda za kaskazini. Alijifunza lugha yao, akaoa kwao, akapigana vita vyao na kupata heshima ya kuwa mmoja wa viongozi wao wa vita. Alikaa nao hadi katikati ya miaka ya 1830, huku akiendelea kupeleka ngozi kwa kampuni za biashara. Katika jamii ya Wazungu, rangi yake ilimtangulia kila mlango alioubisha. Kwa Wacrow, mtu alipimwa kwa ujasiri wake na ukarimu wake. Si ajabu basi kwamba moyo wake ulirudi kwao mara kwa mara hadi siku ya kufa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama. Mwaka 1837 alikuwa Florida akilihudumia jeshi katika vita dhidi ya Waseminole. Baadaye alifanya biashara katika njia ya Santa Fe, na mwaka 1842 alishiriki kuanzisha kituo cha biashara ambacho baadaye kilikuwa mji wa Pueblo, Colorado. Aliwahi kufika California ilipokuwa chini ya Meksiko, na wakati wa vita kati ya Meksiko na Marekani alikuwa tarishi wa jeshi la Marekani, akipeleka barua katika nchi yenye hatari kila upande. Mwaka 1848 alirejea California. Safari hii alikuta nchi imepandwa na wazimu wa aina mpya.

Homa ya Dhahabu na Njia za Mauti

Tarehe 24 Januari 1848, fundi James Marshall aliona vipande vya dhahabu katika mfereji wa kiwanda cha mbao cha John Sutter, kando ya mto American. Habari haikufichika. Kufikia mwisho wa mwaka huo Rais Polk alikuwa ameithibitisha mbele ya bunge la Marekani, na mwaka 1849 dunia nzima ilionekana kuelekea upande mmoja. Waliokaa pwani ya mashariki walipanda merikebu, wakaizunguka Amerika ya Kusini au wakakatiza nchi kavu ya Panama. Wakulima wa majimbo ya kati, ambao tayari walikuwa na magari na maksai, walichagua kwenda kwa miguu. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 25,000 waliifuata njia ya bara kuelekea California mwaka 1849, na zaidi ya 40,000 mwaka uliofuata.

Safari hiyo ilitawaliwa na kalenda isiyosamehe. Msafara haukuweza kuondoka Missouri kabla ya Aprili au Mei, kwa kuwa nyasi zilikuwa hazijachipua na mifugo ingekufa njaa. Haukuweza pia kuchelewa, maana theluji ilianza kuifunga Sierra Nevada kuanzia Oktoba. Kati ya nyasi na theluji palikuwa na miezi kama mitano, na kila siku iliyopotea ilikuwa deni. Kila mtafuta dhahabu aliijua habari ya msafara wa Donner. Mnamo 1846 watu wapatao 87 walichelewa kwa kufuata njia ya mkato waliyosifiwa na mtu asiyeijua vizuri. Theluji ikawafungia milimani, karibu nusu yao wakafa, na baadhi ya walionusurika walikula nyama ya wenzao waliokufa.

Wengi waliwapendelea maksai kuliko farasi. Maksai alikuwa wa bei nafuu, alivumilia nyasi duni na hakuibwa kwa urahisi. Hata hivyo alitembea polepole, naye mwenye gari alitembea kando yake, kwa kuwa gari lilijaa unga, nyama iliyotiwa chumvi, kahawa na zana. Katika bonde la mto Platte kipindupindu kiliwaua wengi kuliko silaha yoyote. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi alizikwa kabla ya jua kutua. Mbele zaidi, mto Humboldt uliwaongoza kwa wiki kadhaa huku maji yake yakizidi kuwa machungu, hadi ulipozama na kupotea mchangani. Hapo ndipo lilipoanza jangwa la takriban kilomita 64 lisilo na maji ya kunyweka. Hesabu iliyofanywa mwaka 1850 katika jangwa hilo ilipata nyumbu 1,061 waliokufa, farasi karibu 5,000, ng'ombe 3,750 na makaburi 953.

Waliolivuka jangwa hawakupata nafasi ya kupumua. Walikabiliwa na ukuta wa Sierra Nevada, uliokuwa kizuizi cha mwisho na kigumu kuliko vyote. Njia ya Donner ilipanda zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ya Carson mita zipatazo 2,600. Mahali pengine magari yalifunguliwa vipande vipande na kuvutwa kwa kamba na minyororo juu ya majabali. Msafiri aliyekwisha kupoteza nusu ya maksai wake na akiba yake ya unga ndiye aliyetakiwa kuipanda milima hiyo, huku wingu la kwanza la theluji likimchungulia.

Upenyo wa Chini

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1850, Beckwourth alikuwa akitafuta dhahabu kaskazini mwa Sierra Nevada. Akiwa mahali pa juu, jicho lake la mtegaji liliona mbali kwamba mgongo wa milima ulishuka upande mmoja. Wenzake waliyaona majabali tu. Yeye aliona mlango. Baadaye alirudi na watu wachache kupachunguza, akauvuka upenyo huo hadi upande wa mashariki, na kuhakikisha kuwa gari lingeweza kupita. Upenyo huo una kimo cha takriban mita 1,591, na ndio wa chini kuliko yote katika safu ya Sierra Nevada.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupita pale. Nchi hiyo ilikuwa ya Wawasho na Wamaidu, na wenyeji hao walizijua njia zake tangu enzi za mababu. Alichokifanya Beckwourth ni kutambua kuwa njia ya miguu ingeweza kuwa njia ya magari, kisha kuifanya iwe hivyo. Aliazimia kuianzishia karibu na mto Truckee, mahali ulipo leo mji wa Reno, aivushe kwenye upenyo, aipitishe katika bonde la Sierra na bonde la American, kisha aiteremshe hadi mji wa Marysville.

Hapa yafaa kueleza biashara iliyojificha nyuma ya njia. Kila mji wa California ulitamani njia ya wahamiaji iishie mlangoni pake, kwa sababu msafiri aliyefika akiwa hana kitu alihitaji kila kitu, kuanzia viatu na unga hadi sururu, dawa na mahali pa kulala. Mji uliopata njia ulipata wateja, na uliokosa njia ulififia. Wenye mali wa mabonde hayo na viongozi wa Marysville walimwahidi Beckwourth kuwa wangemlipa gharama zake. Naye alilitegemea neno lao. Akaajiri vibarua kwa fedha zake mwenyewe, wakakata miti, wakaondoa mawe na kusawazisha miteremko.

Kazi ilipokuwa ikiendelea, alikwenda Truckee kuwashawishi wahamiaji waijaribu njia mpya. Huko alishikwa na ugonjwa mkali wa ngozi ulioambatana na homa, akakata tamaa ya kuishi. Wanawake wa msafara mmoja uliofika pale walimhudumia hadi akapata nafuu. Alipoweza kukaa juu ya farasi, aliuongoza msafara wa kwanza wa magari kupitia upenyo wake. Hiyo ilikuwa mwaka 1851, mwishoni mwa kiangazi.

Katika msafara huo alikuwemo msichana wa miaka kumi aliyekuja kujulikana kwa jina la Ina Coolbrith. Uzeeni alisimulia jinsi Beckwourth alivyompandisha juu ya farasi wake pamoja na dadake, na jinsi alivyoingia California akiwa amekaa hapo. Msichana huyo alikua mshairi, na mwaka 1915 akatawazwa kuwa malenga rasmi wa kwanza wa California. Almuradi, fasihi ya jimbo hilo iliingia ikiwa juu ya farasi wa mtu aliyezaliwa mtumwa.

Moto wa Marysville

Beckwourth aliufikisha msafara Marysville mwishoni mwa Agosti 1851. Usiku uo huo mji ulishika moto. Sehemu kubwa ya maduka, pamoja na matumaini ya wenyewe, iliteketea. Viongozi walimweleza kuwa mji ulioungua haukuwa na uwezo wa kulipa. Kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kutumia takriban dola 1,600. Mji ulijengwa upya na ukastawi, wahamiaji wakaendelea kumiminika kupitia njia yake, lakini deni lake halikulipwa maisha yake yote.

Mtu aweza kuuliza ni kwa nini hakushtaki. Mwaka 1850 bunge la California lilikuwa limepitisha sheria iliyomkataza mtu mweusi, chotara au mwenyeji asilia kutoa ushahidi wa kumtetea au kumpinga Mzungu katika kesi za jinai, na mwaka uliofuata katazo kama hilo likaingizwa katika kesi za madai. Katazo dhidi ya watu weusi liliondolewa mwaka 1863, miaka kumi na miwili baada ya moto wa Marysville. Kwa hivyo, mwenye ahadi ya mdomo tu na ngozi nyeusi hakuwa na pa kuipeleka ahadi hiyo. Mdomo wake haukuhesabiwa kuwa mdomo mbele ya hakimu.

Nyumba ya Kwanza California

Licha ya hasara hiyo, Beckwourth hakuiacha njia. Mwaka 1852 alijenga makao katika bonde lililo magharibi mwa upenyo, akafungua duka na nyumba ya wageni. Wasafiri waliotoka upande wa Salt Lake walikuwa hawajaona nyumba kwa mamia ya kilomita, na nyumba yake ndiyo waliyoiona kwanza walipoingia California. Wengi walifika wakiwa hawana senti. Alieleza kuwa hakuweza kumfukuza mwenye njaa, na kwamba ukarimu huo ulimgharimu mali nyingi. Waliofika kwake walikuwa tofauti sana na wale walioondoka Missouri kwa nyimbo: wajane waliowazika waume zao njiani, mayatima, na vijana waliozeeka kwa miezi mitano.

Kwa upande mwingine, ukweli mchungu lazima utajwe. Kila njia iliyowarahisishia wageni kuingia iliwazidishia wenyeji maafa. Inakadiriwa kuwa wenyeji asilia wa California walikuwa takriban 150,000 kabla ya dhahabu kugunduliwa. Kufikia mwaka 1870 walikuwa wamesalia takriban 30,000, baada ya magonjwa, njaa, utumwa wa kificho na mauaji ya makusudi. Beckwourth, aliyewahi kuoa na kuishi miongoni mwa wenyeji, aliufungua mlango ambao wageni waliwamiminikia wenyeji wengine. Mkinzano huo ulimwandama hadi mwisho.

Tawasifu Iliyosimuliwa

Katika majira ya baridi ya 1854 na 1855, Thomas Bonner alikaa katika nyumba ya wageni ya Beckwourth na kuyaandika maisha yake kadiri alivyoyasimulia. Kitabu kilichapishwa New York mwaka 1856. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kitabu hicho kina mengi ya kufikirisha. Sauti ni ya msimulizi, kalamu ni ya mwingine, na msomaji aliyelengwa ni wa tatu. Ni tawasifu kwa jina, lakini imebeba mbinu zote za masimulizi ya jioni kando ya moto, zikiwemo chuku, vichekesho na majigambo ya shujaa. Jambo la ajabu ni kwamba kitabu hakimtaji waziwazi msimulizi kuwa mtu mweusi.

Wasomi wa baadaye walikidharau. Mwanahistoria mashuhuri Francis Parkman alimtaja Beckwourth kama mhuni na mwenye hiana, akaunganisha tabia hizo na mchanganyiko wa damu yake. Kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa mwongo mkuu wa milimani. Ni kweli kwamba alizidisha idadi ya maadui na kujipa nafasi ya mbele katika kila vita. Hata hivyo, wategaji weupe wa zama zake walizidisha vivyo hivyo, na chuku zao zikasifiwa kuwa ucheshi. Watafiti waliokuja kulinganisha masimulizi yake na kumbukumbu nyingine waligundua kuwa matukio mengi aliyoyataja yalitokea kweli, na kuwa alikuwepo.

Ushahidi wa Sand Creek

Mwishoni mwa miaka ya 1850 aliondoka California, na mwaka 1859 akafika Denver. Huko nako homa mpya ya dhahabu ilikuwa imezuka, na watafuta dhahabu walikuwa wakifurika katika nchi ya Wacheyenne na Waarapaho. Yaliyotokea California yakaanza kujirudia. Mkataba wa mwaka 1861 uliwanyang'anya wenyeji sehemu kubwa ya ardhi yao, na uhasama ukakua.

Mnamo Novemba 1864, Kanali John Chivington aliandaa askari wapatao 675 na kumlazimisha Beckwourth awe mwelekezi wao. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sitini, na alitishiwa kunyongwa endapo angekataa. Alfajiri ya tarehe 29 askari hao waliishambulia kambi ya Black Kettle kwenye kijito cha Sand Creek, kambi iliyoamini kuwa ilikuwa chini ya ulinzi wa serikali. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Miezi michache baadaye aliwaendea Wacheyenne waliosalia na kujaribu kuwashawishi wafanye amani. Hawakukubali, na waliona uchungu kwamba yeye, waliyemjua kama rafiki, ndiye aliyewaleta askari. Mwaka huo wa 1865 tume ya kijeshi iliketi Denver kuchunguza mauaji hayo, na Beckwourth akaitwa kutoa ushahidi. Alieleza jinsi kiongozi mzee, White Antelope, alivyowakimbilia askari mikono ikiwa juu akiwasihi wasimame, kisha akakunja mikono kifuani na kungoja hadi walipompiga risasi. Kapteni Silas Soule, aliyekataa kuwaamuru askari wake kufyatua risasi siku ile na ambaye pia alitoa ushahidi, aliuawa katika barabara ya Denver mwezi Aprili.

Mtu ambaye sheria ya California ilimziba mdomo, na ambaye wasomi walimwita mwongo, alisema kweli pale ambapo kuisema kulikuwa hatari. Ushahidi wake ukaandikwa na kuhifadhiwa. Chivington alikwisha kuondoka jeshini na hakuwahi kuhukumiwa, lakini kutokana na mashahidi kama Beckwourth, kilichoitwa vita kikajulikana kuwa mauaji.

Kifo na Kumbukumbu

Mwaka 1866 Beckwourth alirejea kaskazini kama skauti wa jeshi katika njia ya Bozeman, njia nyingine ya mkato iliyofunguliwa kwa ajili ya watafuta dhahabu, safari hii kuelekea Montana. Njia hiyo ilipita katika nchi ambayo Walakota na washirika wao waliipigania kwa silaha. Mwishoni mwa mwaka huo alipelekwa kuzungumza na Wacrow, watu wake wa zamani. Njiani alilalamika kuumwa na kichwa na kutokwa na damu puani, na akafariki akiwa miongoni mwao. Palizuka hadithi kwamba Wacrow walimpa sumu ili asiwaache tena. Dalili alizokuwa nazo zinaonyesha kuwa yamkini aliuawa na maradhi.

Kumbukumbu yake ilipita katika mapito magumu kama yale aliyoyapitisha magari. Kwa miaka mingi jina la kijiji kilicho bondeni mwake liliandikwa Beckwith kabla ya kusahihishwa kuwa Beckwourth. Filamu moja ya mwaka 1951 ilimpa mwigizaji Mzungu nafasi yake, na watazamaji hawakujua kuwa aliyeigizwa alikuwa mtu mweusi. Idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1994. Miaka miwili baadaye, Marysville iliipa bustani yake ya kando ya mto jina la Beckwourth. Heshima hiyo ilikuja miaka 145 baada ya moto, na miaka 130 baada ya kifo cha aliyekuwa akidai.

Hitimisho

Wengi wa watafuta dhahabu walirudi makwao mikono mitupu, na dhahabu iliyochimbwa imekwisha kubadilisha mikono mara nyingi hata haitambulikani. Upenyo wa Beckwourth ungali pale pale. Reli iliyokamilika mwaka 1909 ilijengwa kuufuata, na barabara kuu ya magari hupita juu yake hadi leo, kwa sababu ile ile aliyoiona mtegaji yule mwaka 1850, kwamba hakuna mahali pengine katika Sierra Nevada panapopitika kwa mwinuko mdogo kama huo.

Beckwourth hakuwa malaika. Alijigamba, alihamahama, na aliwahudumia watu waliowadhulumu wale aliowapenda. Anapopimwa kwa mizani ya haki, hata hivyo, inabainika kuwa kosa kubwa aliloshtakiwa nalo, yaani kusema uongo, liliwafaa zaidi wale waliokuwa na deni lake. Anayeitwa mwongo hadai akalipwa. Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Deni la fedha la Beckwourth limepitwa na wakati, lakini lililobaki lingali linalipika: kulitaja jina lake sawasawa kila inapotajwa njia aliyoifungua.